Kiganjo, jela ya kaunti na leseni ya Texas: chuo kitakuhesabia nini?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi:

"Mwalimu, habari za kazi. Niliingia chuo cha polisi cha Kiganjo mwaka 2007, nikatumika kama polisi Kenya mpaka 2014. Tangu 2017 ni askari wa jela ya kaunti hapa Texas, na mwaka juzi nilimaliza mafunzo ya upolisi ya hapa nikapata leseni. Sina digrii. Kila nafasi ya sajini ikitangazwa naona wenye digrii wakipita. Sasa kuna chuo kimenipigia simu. Wanasema uzoefu wangu unatosha digrii nzima, nilipe dola 1,400 na cheti kitakuja kwa posta baada ya wiki mbili. Mke wangu amesema nikuulize kwanza. Je, mafunzo na miaka yangu yanahesabika kweli chuoni, au nianze sifuri?"

Ndugu yangu, mshukuru mke wako, na hizo dola 1,400 usizitoe. Naanza na hilo kwa sababu ndilo la haraka.

Hicho si chuo. Vyuo vikuu vya Texas viko chini ya SACSCOC, chombo kinachotoa ithibati kwa vyuo vya majimbo ya kusini, na sharti lake mojawapo ni kwamba angalau robo ya krediti (vipimo vya masomo) za digrii zipatikane katika chuo kinachokupa digrii hiyo. Digrii ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120, kwa hiyo 30 utazisomea kwao hata ukija na ujuzi wa kujaza lori. Anayekuambia hutakanyaga darasa hata moja anauza karatasi, na wauzaji wa karatasi hizo ni wengi. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistani, iliyokuwa nyuma ya mamia ya tovuti za vyuo na shule za uongo, na "digrii za uzoefu" zilikuwa miongoni mwa bidhaa zake.

Kwa mtu wa kazi yako hatari ni kubwa zaidi. Kifungu cha 32.52 cha sheria ya jinai ya Texas kinafanya kuwa kosa kutumia digrii ya uongo, huku ukijua ni ya uongo, ili upate kazi au cheo. Adhabu yake inafika faini ya dola 2,000 na siku 180 katika jela ya kaunti, jela kama hiyo unayoilinda. Tena kuna kesi za Brady ya 1963 na Giglio ya 1972, ambazo bila shaka mlizigusa kwenye mafunzo: mwendesha mashtaka analazimika kuueleza upande wa utetezi jambo lolote linalotia doa ukweli wa shahidi wake. Askari aliyepanda cheo kwa digrii ya kununua atakuwa na doa hilo kila anaposimama kizimbani kutoa ushahidi. Bodi ya uratibu wa elimu ya juu ya Texas inaweka hadharani orodha ya vyuo ambavyo digrii zake haziruhusiwi kutumika jimboni. Itazame, kisha tafuta jina la chuo chochote kinachokupigia simu katika hifadhidata ya ithibati ya wizara ya elimu ya Marekani. Lisipokuwemo, kata simu.

Sasa swali lenyewe. Ndiyo, yanahesabika, na huanzi sifuri. Lakini uelewe chuo kinahesabu nini. Baraza la CAEL, ambalo tangu 1974 limekuwa likishughulika na elimu ya watu wazima walio kazini, limeweka kanuni ambayo vyuo makini vinaifuata: krediti hutolewa kwa kile ulichojifunza, haitolewi kwa muda uliokaa mahali. Watu wawili wanaweza kulinda korido moja miaka saba, mmoja akatoka na ujuzi wa somo zima la chuo na mwenzake akatoka na usingizi tu. Kwa hiyo mzigo wako tutaugawa mafungu: mafunzo ya Texas, uzoefu wa jela, Kiganjo, na fungu moja ambalo hukulitaja na unalo mdomoni.

Mafunzo ya Texas ndiyo rahisi kuliko yote. Kozi ya msingi ya polisi chini ya TCOLE, tume ya Texas inayotoa leseni za polisi na askari wa jela, ina zaidi ya saa 700, na ile ya askari wa jela nayo ina nafasi yake. Jambo la kwanza la kujiuliza ni nani aliyeendesha akademi yako. Akademi nyingi za Texas ziko ndani ya vyuo vya miaka miwili, na waliopita humo waliandikishwa kimyakimya kama wanafunzi wa chuo. Nimewahi kukaa na askari aliyekuja na bahasha imejaa vyeti vya semina, akiamini hana krediti hata moja. Tulipoomba transkripti, yaani rekodi rasmi ya masomo, kwa msajili wa chuo kilichokuwa na akademi yake, tukakuta muhula mzima wa masomo umelala pale kwa jina lake. Anza hapo. Ikiwa akademi yako iliendeshwa na idara ya polisi au ofisi ya sherifu, bado vyuo vingi vya miaka miwili vina utaratibu wa kutoa krediti kwa mwenye leseni ya TCOLE, kwa kawaida baada ya kusoma kwao krediti kadhaa kwanza. Wataomba ripoti yako ya TCOLE iitwayo PSR, yenye kila kozi na kila saa uliyosajiliwa.

Hapa sasa fungua macho, maana ndipo wengi wanapoumia. Masomo ya vyuo vya umma vya Texas yana herufi nne na tarakimu nne. Tarakimu ya pili ni idadi ya krediti: CRIJ 1301, utangulizi wa haki jinai, ni krediti 3, CJLE 1506, sehemu ya kwanza ya kozi ya msingi ya polisi, ni krediti 5. Tarakimu zinafanana, lakini herufi zinatengana kama mashariki na magharibi. CRIJ ni somo la kitaaluma, na chuo kikuu cha umma hulipokea bila shida. CJLE, na CJCR inayohusu kazi ya magereza, ni masomo ya ufundi wa kazi. Yanaingia vizuri kwenye digrii ya miaka miwili ya kiufundi, lakini ukiyapeleka kwenye digrii ya kawaida ya haki jinai, chuo kikuu kinaweza kuyakataa au kuyaweka pembeni kama krediti zisizojaza nafasi yoyote. Transkripti inanenepa na digrii haisogei.

Dawa yake ipo. Texas ina digrii ya kwanza iitwayo BAAS, iliyotengenezwa kwa watu wenye krediti za kiufundi na uzoefu wa kazi. Inameza CJLE na CJCR kwa wingi ambao digrii ya kawaida haiwezi. Chuo Kikuu cha Texas State kilichoko San Marcos kina njia ya BAAS ambayo pia inatathmini ujuzi wa kazini. Sam Houston State cha Huntsville, chenye chuo cha haki jinai kilichoanza 1965, nacho kinatoa BAAS. Kwa maoni yangu, kwa mtu wa umri wako, mwenye familia na zamu za usiku, BAAS ndiyo njia ya busara, isipokuwa kama unataka kuja kufundisha au kufanya utafiti. Kwa nafasi ya sajini, idara hutazama kama una digrii yenye ithibati. Hata vyeti vya ngazi vya TCOLE, kuanzia cha msingi hadi cha ubingwa, vinahesabu masomo ya chuo pamoja na saa za mafunzo na miaka ya kazi, kwa hiyo kila somo utakalosoma linakulipa mara mbili.

Kuna kitu ambacho mafunzo ya kipolisi hayakigusi kabisa: masomo ya msingi ya lazima, krediti 42 kwa kila digrii ya kwanza ya umma Texas. Ndani yake kuna krediti 6 za historia ya Marekani na 6 za serikali. Wengi hukata tamaa hapa wakidhani ni lazima wakae darasani miaka miwili, kumbe kuna mitihani ya CLEP. Mingi ni ya dakika 90, ada yake ni karibu dola 100, na alama inayopendekezwa kwa krediti ni 50 katika kipimo cha 20 hadi 80. Shirika la Modern States linafundisha bure kwa intaneti, na ukimaliza kozi yao linakulipia ada ya mtihani. Mitihani miwili ya historia ya Marekani inaweza kujaza HIST 1301 na 1302. Wa serikali ya Marekani unajaza GOVT 2305 peke yake. GOVT 2306 ina katiba ya Texas ndani yake, hivyo hiyo utaisoma. Ukifeli unangoja miezi mitatu kabla ya kurudia, basi usiingie kwa kubahatisha. Kuna pia mtihani wa DSST wa haki jinai, ambao mtu aliyetoka akademi juzi anaweza kuukabili baada ya wiki chache za kusoma.

Tuje kwenye uzoefu wa jela. Hili ndilo fungu gumu, na ndilo ninalolipenda, kwa sababu hapa ndipo askari wanapogundua wanajua mengi kuliko walivyodhani. Vyuo vyenye utaratibu huu vinakutaka uandae jalada: unachagua somo moja mahususi, unachukua silabasi yake, halafu unaandika masimulizi na kuambatisha ushahidi kuonyesha kwamba malengo ya somo hilo unayajua tayari. Mwalimu wa somo ndiye anayelisoma na kuamua. Kwako wewe ningeanza na CRIJ 2313, mifumo na utendaji wa magereza.

Askari wengi wakiandika mara ya kwanza wanaandika hivi: "Nimefanya kazi jela ya kaunti miaka saba. Nimesimamia mabloku yenye wafungwa wengi. Sijawahi kupewa barua ya onyo." Ni kweli yote, na anastahili heshima, lakini mtathmini hana pa kuweka krediti. Hajaonyeshwa kitu kilichojifunzwa.

Sasa chukua jambo moja unalolifanya kila usiku: kupita kuwaangalia watu seli kwa seli. Kanuni za jela za Texas zinataka kila aliyefungwa aonwe uso kwa uso angalau kila dakika 60, na kila dakika 30 penye watu wenye fujo, wagonjwa wa akili au walioonyesha dalili za kutaka kujiua. Wewe unapita, unaandika saa. Jalada litakuuliza: kwa nini? Hapo utaeleza kesi ya Estelle dhidi ya Gamble ya 1976, iliyotoka hapohapo Texas. J. W. Gamble, mfungwa wa Huntsville, aliangukiwa na robota la pamba alipokuwa akishusha mzigo kwenye lori, akalalamika kwamba hakutibiwa ipasavyo. Yeye mwenyewe hakushinda dai lake dhidi ya madaktari, lakini Mahakama Kuu ya Marekani ilitamka kwamba kupuuza kwa makusudi hali mbaya ya kiafya ya mfungwa kunavunja Marekebisho ya 8 ya katiba, yanayokataza adhabu za kikatili. Kisha utaonyesha kwamba unajua tofauti ambayo wengi hawaijui: katika jela ya kaunti watu wengi hawajahukumiwa, na ambaye hajahukumiwa analindwa na Marekebisho ya 14, kwa kanuni iliyotoka kwenye kesi ya Bell dhidi ya Wolfish ya 1979. Kutoka hapo unafika kwa Sandra Bland, aliyefariki katika jela ya kaunti ya Waller mwezi Julai 2015, na sheria yenye jina lake ya 2017 iliyoagiza askari wa jela wapate saa 8 za mafunzo ya afya ya akili, na jela ziwe na vifaa vya kuthibitisha kwamba seli za walio hatarini zimekaguliwa kwa wakati. Wewe ulianza kazi mwaka uleule. Umeona kabla na baada.

Kwa hiyo aya yako itakuwa na sura hii (utaiandika kwa Kiingereza, mimi nakuonyesha mifupa yake): "Usiku mmoja nilipokuwa napokea mtu mpya, alijibu hapana kwa maswali yote ya fomu ya kupima hatari ya kujiua, lakini alikuwa akiipapasa shingo yake na kukwepa kunitazama. Nilimpeleka kwenye uangalizi wa dakika 30 na kumwita muuguzi. Tangu hapo nilijifunza kwamba fomu inapima kile mtu anachokubali kusema, na kwamba wajibu wa kisheria wa jela unaanza pale askari anapotambua hatari, hata kama karatasi haijaitaja." Angalia aya hiyo ina nini: tukio, uamuzi, na ujuzi unaoweza kuhamia kwenye tukio jingine. Kurasa kadhaa za namna hiyo, zikifuata malengo ya silabasi moja baada ya jingine, ndizo zinazopata krediti 3.

Kuhusu ushahidi, tafadhali sana: usitoe nje ya jela karatasi yoyote yenye jina, picha au habari za kiafya za mfungwa. Umeambiwa hivyo kazini, na kwenye jalada pia ni marufuku. Tumia vyeti vya kozi, tathmini zako za mwaka, na barua ya msimamizi inayoeleza kwa undani unachofanya. Barua isemayo "ni mfanyakazi mzuri" haisaidii. Isemayo "ndiye anayewafundisha askari wapya kujaza fomu ya mapokezi, na amefanya hivyo tangu mwaka fulani" ni dhahabu.

Kiganjo sasa. Nitakueleza ukweli ingawa utauma kidogo. Mashirika yanayotathmini vyeti vya kigeni, yale yaliyo chini ya NACES kama WES, yanatafuta masomo ya chuo kinachotambuliwa kama chuo cha elimu ya juu. Mafunzo ya askari mpya kwa kawaida hayaingii humo, na KCSE yako itatambuliwa kama kumaliza sekondari. Kama uliwahi kusoma diploma Kenya, hata muhula mmoja, hiyo itathminiwe, usiiache. Ndugu zetu wa Tanzania waliofika kidato cha sita waulize pia kuhusu matokeo yao, maana baadhi ya vyuo vya Marekani hutoa krediti kwa kiwango hicho.

Lakini Kiganjo haijapotea. Vyuo vingi vina somo la haki jinai linganishi, na hapo una kitu ambacho wenzako wa Texas hawana. Wewe ulikuwa kazini tarehe 27 Agosti 2010 katiba mpya ya Kenya ilipozinduliwa. Chini ya katiba ya zamani, mshukiwa wa kosa la adhabu ya kifo aliweza kukaa korokoroni hadi siku 14 kabla ya kufikishwa kortini. Ibara ya 49 ya katiba mpya ikaleta saa 24 kwa wote, au mwisho wa siku ya korti inayofuata. Ulilazimika kubadilisha namna unavyofanya kazi, na OB, daftari la matukio la kituo, ikaanza kusomwa kwa jicho jingine. Leo unafanya kazi mahali ambapo sheria inataka mtu afikishwe kwa hakimu ndani ya saa 48. Linganisha mambo hayo matatu kwa umakini, ueleze ni nini hubadilika kituoni sheria inapobadilika, na una jalada ambalo mwalimu yeyote atalisoma mpaka mwisho.

Wale waliopitia jeshi la Marekani kabla ya upolisi wana njia fupi: transkripti ya pamoja ya kijeshi, JST, tayari ina mapendekezo ya krediti kutoka ACE, baraza la elimu la Marekani. ACE inatathmini pia kozi za mashirika mengine, kwa hiyo pitia vyeti vyako vya semina uone kama kuna chenye mapendekezo yake. Mapendekezo hayakilazimishi chuo. Yanakipa sababu ya kukubali.

Na lile fungu ulilo nalo mdomoni: Kiswahili. CLEP haina Kiswahili, ila ACTFL, shirika la Marekani la ufundishaji wa lugha, inayo. Mtihani wake wa mazungumzo ni wa simu, dakika 15 hadi 30 na mpimaji wa kweli, na ACE imependekeza krediti kulingana na ngazi unayofikia. Usidhani kwa kuwa ni lugha yako utapita ukiwa umelala. Ngazi ya juu inakutaka usimulie jambo lililopita kwa mpangilio, ujenge hoja, ulinganishe pande mbili na kueleza ingekuwaje kama mambo yangekuwa vingine, yote kwa Kiswahili kilichotulia. Sheng ya kituoni haitakufikisha. Fanya mazoezi kwa kumweleza mtu kwa dakika kumi mfululizo kwa nini unaunga mkono au kupinga dhamana ya fedha. Uliza kwanza, lakini: vyuo vingine havitoi krediti kwa lugha ya mzawa, vingine vinatoa bila tatizo.

Mpangilio wa kazi ni huu. Wiki hii agiza PSR na transkripti ya chuo kilichokuwa na akademi yako, kama kilikuwepo. Kabla ya kulipia mtihani wowote wala kuandika jalada lolote, chagua chuo na digrii, kwa sababu krediti ina thamani pale tu inapotua. Halafu mwandikie mshauri wa masomo wa chuo hicho maswali haya, kwa barua pepe: Mnapokea CJLE na CJCR ngapi kwenye BAAS, na zinajaza nafasi gani? Mnatathmini majalada kwa masomo yapi, kwa ada gani kwa krediti? Alama gani za CLEP mnazikubali kwa HIST 1301, HIST 1302 na GOVT 2305? Mnakubali ACTFL kwa Kiswahili kwa mtu aliyekulia Kenya? Kuna kikomo cha jumla cha krediti za namna hii? Akikupigia simu badala ya kujibu, msikilize, kisha mwombe ayaandike.